Walidhani Yumo Msafarani



Kila mwaka, mwezi wa tano unapokaribia kwisha, parokia nyingi za upande wetu wa mashariki ya Congo huingia katika maandalizi ya safari. Majina yanaandikwa, michango inakusanywa, nyimbo zinafanyiwa mazoezi, basi la kukodi linatafutwa. Wengine wanaelekea Namugongo, nchini Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Wengine wanangojea tarehe 15 Agosti au 28 Novemba ili waende Kibeho, nchini Rwanda, mahali ambapo Mama Bikira Maria alimtokea mwanafunzi wa shule ya wasichana tarehe 28 Novemba 1981, matokeo ambayo Kanisa liliyakubali rasmi mwaka 2001. Kwa wengi wenu safari ya namna hiyo ni mara ya kwanza kuvuka mpaka wa nchi, mara ya kwanza kulala mbali na wazazi, mara ya kwanza kusikia Baba Yetu ikisaliwa katika lugha tano kwa wakati mmoja. Furaha hiyo tunaifahamu, nasi tunaiombea baraka.

Lakini safari nyingine huharibika. Basi hukwama porini, karatasi hukataliwa mpakani, fedha huisha kabla ya kurudi, na mara nyingine mtu hupotea. Kundi likirudi nyumbani, watu hugawanyika. Wapo wanaotaka safari zote zifutwe, na wapo wanaotaka jambo zima lisahauliwe haraka. Sisi hatuungi mkono upande wowote kati ya hizo mbili. Maoni yetu tunayaweka wazi tangu mwanzo: safari za vijana ziendelee, lakini desturi yetu ya kuongoza watu kwa kudhani ikome.

Kiti kilichokuwa kitupu

Tutoe mfano mmoja, bila kutaja parokia wala jina la mtu, kwa kuwa hatutaki kumwaibisha yeyote. Kundi la wanafunzi wa sekondari lilitoka kwetu kwa mabasi mawili, likavuka mpaka wa Kasindi na Mpondwe, likafika Namugongo salama. Usiku walikesha katika sala. Asubuhi walishiriki misa pamoja na umati mkubwa wa waamini waliotoka pande zote za Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na kwetu Congo. Misa ilipokwisha, viongozi walitangaza saa ya kuondoka. Binti mmoja wa miaka 16 akaenda kuteka maji katika lile ziwa dogo lililo pale mahali patakatifu, kwa sababu bibi yake alikuwa amempa chupa na kumwomba amletee. Mstari wa watu ulikuwa mrefu. Aliporudi mahali mabasi yalipoegeshwa, hayakuwapo tena.

Ndani ya basi la kwanza, kiongozi alikuwa ameuliza kwa sauti kubwa: «Sote tumo?» Nao wakajibu kwa pamoja: «Tumo!» Ambaye hakuwamo hakuweza kujibu. Baadhi ya wenzake waliona kiti chake ni kitupu, wakasema moyoni kwamba bila shaka amekwenda kukaa na rafiki zake katika basi la pili. Wale wa basi la pili hawakumtafuta, maana hakuwa wa kwao. Mabasi yakaondoka Kampala, yakasafiri usiku kucha, na nyimbo ziliimbwa hadi watu wakasinzia. Ilikuwa asubuhi, kwenye mpaka wa Mpondwe, afisa wa uhamiaji alipoinua karatasi moja ya kusafiria na kuuliza mwenyewe yuko wapi. Karatasi ile ilikuwa imesafiri usiku mzima katika mfuko wa kiongozi, na mwenyewe alikuwa nyuma, katika nchi ya kigeni, bila kitambulisho, bila fedha, na simu yake imezimika.

Binti huyo alijua Kiswahili na Kifaransa cha shuleni. Pembezoni mwa Kampala watu huzungumza Kiganda na Kiingereza, na si kila mtu anaelewa Kiswahili. Giza lilipoanza kuingia, akina mama mahujaji waliotoka Kenya walimsikia akilia na kuomba msaada katika lugha waliyoijua. Wakamchukua kama binti yao, wakampeleka kwa masista wa karibu. Masista wakamlisha, wakamlaza, wakatafuta namba ya simu ya parokia yake. Viongozi wawili walirudi kumchukua, na siku ya tatu akafika nyumbani, chupa ya bibi bado iko mkononi.

Mambo yaliisha vizuri, nasi tunamshukuru Mungu na wale akina mama ambao hatutajua kamwe majina yao. Hata hivyo, shukrani isiwe pazia la kufunika yaliyotokea. Kila mzazi aliyesikia habari ile alijua vizuri ni mambo gani mengine yangeweza kumpata msichana wa miaka 16 usiku ule.

Majibu matatu tuliyoyasikia

Tulikaa katika kikao cha wazazi kilichofuata. Majibu matatu yalitolewa pale, na kwa kuwa majibu hayo husikika karibu kila mara safari inapoharibika, inafaa tuyapime moja moja.

La kwanza lilisema: ni kazi ya shetani, ambaye hapendi vijana waende kuhiji. Sisi tunaamini kwamba mwovu yupo. Lakini katika jambo hili shetani hakuhitaji kufanya kazi yoyote. Hakukuwa na orodha iliyosomwa kabla ya kuondoka, na hakukuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuisoma. Tukimtwika shetani mzigo wa uzembe wetu, tunajinyima nafasi ya kujirekebisha, kwa sababu mtu hawezi kutengeneza kosa ambalo anasema si lake.

Hapa inatupasa kutofautisha ajali na uzembe. Tarehe 13 Machi 2012, basi lililowabeba wanafunzi wa shule mbili za Ubelgiji, wakirudi nyumbani kutoka milima ya Uswisi, liligonga ukuta ndani ya barabara inayopita chini ya mlima karibu na mji wa Sierre. Watu 28 walifariki, na 22 kati yao walikuwa watoto. Barabara ilikuwa nzuri, nchi ilikuwa tajiri, na uchunguzi wa muda mrefu ulimalizika bila kupata sababu ya hakika. Kuna misiba ambayo binadamu hawezi kuieleza, na mbele ya misiba hiyo mkristo hunyamaza, hulia pamoja na wanaolia na kuwaombea marehemu. Lakini kwa sababu yako mambo tusiyoweza kuyazuia, tuna wajibu mkubwa zaidi wa kuyazuia yale tunayoweza. Kiti kitupu kinaonekana kwa macho. Kukihesabu hakuhitaji utajiri wa Uswisi.

Jibu la pili lilimwelekea binti mwenyewe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema. Aliambiwa saa ya kuondoka, akaenda kuteka maji. Ni kweli kwamba alichelewa, na ni haki aambiwe kwamba alichelewa. Lakini adhabu ya kuchelewa ni kuonywa mbele ya wenzake, au kupewa kazi ya kufagia basi. Kuachwa katika nchi ya kigeni si adhabu ambayo kanuni ya kundi lolote imeiandika. Katika kikao kile baba wa binti alisimama akasema neno moja tu: barua ya ruhusa aliyotia sahihi ilikuwa na jina la mtoto wake, haikusema «abiria mmoja». Hakuna aliyemjibu. Desturi ya kumtwika kosa aliye mdogo kuliko wote ni ya zamani sana miongoni mwa watu, lakini haikutoka katika Injili.

Jibu la tatu lilikuwa fupi: safari zifutwe. Tunaelewa hofu ya wazazi waliolisema, nasi hatuwalaumu. Lakini tukumbuke tunaishi wapi. Mpaka ule wa Uganda, watoto wengi wa Ituri na Kivu ya Kaskazini wameshauvuka kwa namna nyingine: usiku, kwa miguu, godoro kichwani, wakikimbia risasi. Kwa watoto hao nchi ya jirani ni mahali pa hema na mstari wa chakula. Hija ndiyo inayowapa nafasi ya kuuvuka mpaka uleule kwa amani, wakiimba, na kupokelewa kama ndugu katika Kristu. Kuwanyima safari hiyo ni kuwaachia sura moja tu ya jirani zao. Isitoshe, vijana watasafiri hata tukikataa: kwa masomo, kwa biashara, kwa kutafuta maisha. Afadhali wajifunze kusafiri pamoja nasi, wakihesabiwa, kuliko wajifunze peke yao.

Safari iliyoharibika katika Injili

Mwinjili Luka, katika sura ya pili, anatusimulia safari ya kundi iliyoharibika. Kila mwaka wazazi wa Yesu walipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Alipokuwa na umri wa miaka 12 walikwenda naye. Sikukuu ilipokwisha, msafara ukaanza kurudi Galilaya. Kijana akabaki nyuma, na wazazi hawakujua. Luka anatoa sababu kwa neno moja: walidhani. Walidhani yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa siku nzima ndipo wakaanza kumtafuta kwa jamaa na marafiki.

Maria na Yosefu hawakuwa wazembe. Watu walisafiri kwa makundi makubwa ya ukoo na majirani, na mtoto wa miaka 12 angeweza kutembea na wajomba au na vijana wenzake bila mtu kushangaa. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba mwingine anamwona. Hapo ndipo penye fundisho kwetu. Kudhani si tabia ya watu wabaya. Mara nyingi ni tabia ya watu wema walio wengi pamoja, kwa sababu wingi wenyewe humfariji kila mmoja na kumwambia kwamba mwingine ameshughulika. Ikiwa jambo hili liliweza kutokea katika familia takatifu kuliko zote, sisi ni nani hata tujione salama kwa sababu tumeanza safari kwa rozari?

Tutazame pia walichofanya walipogundua. Hawakuendelea na msafara wakamwachia Mungu kazi ya kumrudisha. Hawakumtuma mjumbe. Waligeuka nyuma wote wawili, wakaufanya tena mwendo wa siku nzima, na siku ya tatu wakamkuta hekaluni. Maria aliposema uchungu wake, alitaja pia uchungu wa Yosefu. Hakuutumia wakati ule kumlaumu mumewe mbele ya watu. Na kijana naye, baada ya kusema neno lake juu ya nyumba ya Baba yake, alishuka pamoja nao Nazareti akawatii. Kila mtu katika habari hii anatimiza sehemu yake.

Luka huyohuyo, katika sura ya 15, anasimulia mfano wa mchungaji mwenye kondoo 100 aliyepotewa na mmoja. Tumezoea kuhubiri juu ya mapendo ya mchungaji anayekwenda kumtafuta. Tunasahau kuuliza jambo dogo: alijuaje kwamba mmoja hayupo? Macho hayawezi kutofautisha kondoo 99 na 100. Alijua kwa sababu alihesabu. Asiyehesabu hawezi kutafuta, kwa kuwa hajui kwamba amepoteza. Kwa hiyo kuhesabu ni hatua ya kwanza ya mapendo ya mchungaji, nasi tunakosea tukiiona kama kazi ndogo ya karani.

Kuhesabu maana yake nini

Sisi tunaowaandaa walimu vijana huwaambia kila mwaka: kuuliza darasa zima kama wote wamefika si kuita majina. Darasa zima likijibu «ndiyo», mwalimu bado hajajua lolote. Anapolitaja jina moja na kungojea sauti moja, hapo ndipo anajua. Katika basi ni vilevile. Orodha isomwe kwa majina, kila linapokaribia kuondoka, hata kama ni baada ya kusimama dakika tano njiani. Na isomwe na mtu mmoja anayejulikana, asiye dereva wala mwimbishaji. Kama mabasi ni mawili, orodha ziwe mbili, na asiwepo mtu wa kuhama basi bila jina lake kufutwa huku na kuandikwa kule. Tena kila msafiri awe na mwenzake, wawili wawili, kama Yesu alivyowatuma wanafunzi wake. Mmoja akienda kuteka maji, mwingine anajua, na basi likitaka kuondoka, mwingine atapiga kelele.

Karatasi za kusafiria ni jambo la pili. Viongozi hupenda kuzikusanya zote katika mfuko mmoja ili zisipotee, nasi tunaelewa sababu. Lakini kila kijana abaki na nakala ya karatasi yake, pamoja na kipande cha karatasi chenye namba mbili za simu, jina la parokia na jina la mahali kundi linapolala. Simu huzimika, karatasi haizimiki. Walio chini ya umri wa utu uzima wawe na barua ya ruhusa ya wazazi iliyosainiwa na kugongwa muhuri. Kadi ya njano ya chanjo iangaliwe wiki kadhaa kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari.

Mahali hapa tuseme wazi jambo ambalo husemwa kwa kunong'ona. Kundi likifika mpakani na karatasi pungufu, mara nyingi mchango mdogo hupitishwa haraka ndani ya basi ili afisa apewe matabishi na safari iendelee. Vijana huona, na wanachojifunza pale hakiwezi kufutwa na mahubiri ya kesho yake. Mwenye heri Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma, alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiwafikie wananchi, na kwa ajili hiyo akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Hatuwezi kwenda kuwaheshimu mashahidi wa Uganda kwa njia ambayo shahidi wetu wa Goma alikufa akiikataa. Ambaye karatasi zake hazijakamilika, aambiwe ukweli mapema, na abaki mwaka huu. Atahuzunika, lakini hatakuwa amedanganywa.

Jambo la tatu ni barabara yenyewe. Kwetu Congo na kule Rwanda magari hupita upande wa kulia. Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia hupita upande wa kushoto. Anayevuka Kasindi kwenda Mpondwe, au Kasumbalesa kuingia Zambia, hubadilishiwa upande katika mita chache. Basi lenye mlango upande wa kulia, likisimama kando ya barabara ya Uganda, huwashusha abiria wake katikati ya njia ya magari. Na mtoto aliyezoea kutazama kushoto kwanza kabla ya kuvuka, kule gari humjia kutoka kulia. Jambo hili lielezwe ndani ya basi kabla ya mpaka, kwa maneno na kwa mikono, na asishuke mtu kabla mkubwa mmoja hajashuka na kusimama mlangoni. Dereva naye ni binadamu. Aliyekesha na mahujaji usiku kucha hafai kuendesha usiku unaofuata. Mkataba wa kukodi basi uandike saa zake za kulala, hata kama gharama itaongezeka kwa siku moja. Kama fedha za siku hiyo hazipo, basi fedha za safari hazijatosha, na kundi lingoje mwaka mwingine.

Neno kwa walioona kiti kitupu

Hadi sasa tumesema na viongozi. Lakini ukurasa huu ni wenu, vijana, na sehemu iliyotuumiza zaidi katika habari ile inawahusu ninyi.

Katika basi lile walikuwapo wenzake walioona kwamba hayupo. Walipoulizwa baadaye kwa nini hawakusema, mmoja alieleza kwamba aliogopa kuonekana anachelewesha safari. Mwingine alisema kwamba kiongozi alikuwa amekasirika tayari kwa sababu ya waliochelewa wengine. Mwingine alidhani viongozi wanajua. Hakuna hata mmoja aliyemchukia binti yule. Walimpenda. Walinyamaza kwa sababu wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na sisi wakubwa ndio tuliowalea hivyo.

Kwa hiyo tunawaambia wazi: kumheshimu kiongozi hakukatazi kumwambia jambo ambalo hajaliona. Kuuliza si ujinga. Mkiwa ndani ya basi, darasani au katika kundi la sala, na mkiona kwamba fulani hayupo, semeni. Semeni hata kama watu wataguna, hata kama mtaambiwa mnachelewesha wengine. Mkikosea, mtachekwa dakika mbili. Mkinyamaza, huenda mtu akalala nje ya nchi yake bila msaada. Na ninyi mnaoongoza, mpokeeni anayesema hivyo kwa shukrani. Kiongozi akimkaripia mara moja aliyesema «fulani hayupo», safari ijayo hakuna atakayesema tena.

Wasafiri nao wana wajibu. Saa iliyotangazwa ni ahadi mliyowapa wenzenu. Anayetaka kwenda mahali, hata kwa jambo jema kama maji ya bibi, amwambie mwenzake na kiongozi. Kama binti yule angesema anakwenda, huenda angesubiriwa. Mtu akiachwa, abaki palepale alipoachwa au aende kanisani, kwa mapadri au kwa masista, asipande gari la mtu asiyemjua. Binti wetu, katika hofu yake yote, hakuondoka karibu na mahali patakatifu, na ndiyo sababu alipatikana.

Nje ya basi

Mtu anaweza kudhani kwamba tunazungumza juu ya usafiri peke yake. Tungefurahi kama ingekuwa hivyo. Chukueni daftari la kundi lenu la mwaka jana, someni majina yote kwa sauti. Wako wapi wale ambao hawaji tena? Yupo aliyeacha kuja kwa sababu hakuwa na fedha za mchango, akaona haya kusema. Yupo aliyeolewa mapema. Yupo aliyekwenda kuchimba dhahabu, au aliyechukuliwa na wenye silaha. Yupo aliyekosana na kiongozi kwa neno moja tu. Kila Jumapili tunauliza: «Sote tumo?» Tunajibu: «Tumo!» Kisha tunaimba, na msafara unaendelea na mwendo wake wa siku nzima.

Mashahidi mnaokwenda kuwaheshimu Namugongo walikuwa vijana kama ninyi, wahudumu katika ikulu ya mfalme wa Buganda. Karoli Lwanga, aliyekuwa kiongozi wao, hakuwa mzee. Alikuwa kijana wa miaka ipatayo 25. Chini yake alikuwapo Kizito, mwenye umri wa miaka 14 hivi, ambaye alikuwa bado mkatekumeni. Hatari ilipokaribia, mwezi wa Mei 1886, Lwanga hakudhani kwamba mtu mwingine angewashughulikia wadogo. Aliwabatiza kwa mkono wake wale waliokuwa hawajabatizwa, Kizito akiwa mmoja wao, na husimuliwa kwamba alimwahidi kijana huyo kumshika mkono saa ya kuungama imani ikifika. Aliwajua mmoja mmoja. Kiongozi wa namna hiyo ndiye tunayemwomba kwa ajili ya makundi yetu, na kila mmoja wenu anaweza kuwa yeye kwa mwenzake aliyekaa kiti cha jirani.

Maswali kwa mkutano wa kundi

1. Katika kundi letu, nani ana jukumu la kusoma majina? Mara ya mwisho yalisomwa lini?

2. Ni nani hajaonekana kwetu kwa miezi 3 iliyopita, na nani kati yetu atakwenda kumtembelea wiki hii?

3. Je, kijana mdogo kuliko wote katika kundi letu anaweza kumwambia kiongozi kwamba amekosea? Kama hawezi, tubadili nini?

4. Kabla ya safari yetu ijayo, ni karatasi zipi, fedha zipi na saa zipi za kupumzika kwa dereva ambazo bado tunazidhani tu, wala hatujazihakikisha?